Kezilahabi Akisomwa Tlawi

Jina la Tlawi huanza kwa sauti isiyomo katika Kiswahili. Herufi mbili zile, t na l, si konsonanti mbili zinazofuatana kama anavyodhani mgeni. Ni sauti moja, inayotoka ubavuni mwa ulimi kwa mshindo mkavu, na mtoto wa Kiiraqw huipata bila kufundishwa na mtu. Wageni wetu husema Tilawi, wengine Klawi, nasi tumezoea kuwaitikia. Naanza na jambo hili kwa kuwa nataka kueleza jinsi riwaya za Euphrase Kezilahabi zinavyosomwa na watu ambao ndimi zao zililelewa na sauti hiyo. Mara nyingi mazungumzo juu yake yanapopamba moto hapa kwetu, huanza na Rosa au Kazimoto na kuishia kwenye swali jingine kabisa: Kiswahili ni cha nani?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mzaliwa wa hapa. Nina kabati la vitabu ambalo watu wa karibu wamelifanya maktaba bila kuniuliza, nami sikukataa. Ndani yake zimo riwaya zote sita za Kezilahabi: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), kisha Nagona, na Mzingile ya mwaka 1991. Anayeazima namwekea sharti moja tu, kwamba siku ya kurudisha kitabu anieleze alichokiona ndani yake, hata kama ni kwa kusimama mlangoni huku mvua ikimsubiri. Niyaandikayo hapa ni mavuno ya sharti hilo, pamoja na ubishi wangu mwenyewe.

Kwa wasomaji wachanga niseme kwa ufupi. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akakua na Kikerewe. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata uzamivu Marekani mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na miaka yake mingi ya baadaye aliitumia akifundisha Botswana. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Washairi humjua zaidi kwa Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008), na kwa ugomvi uliozuka miaka ya 1970 kuhusu mashairi yasiyo na vina wala mizani. Ugomvi huo nitaugusa kwa kuwa siwezi kuukwepa, ingawa leo nazungumzia riwaya.

Kitabu kinachoazimwa kuliko vyote ni Rosa Mistika. Sababu ya kwanza ni jina lenyewe. Wakatoliki ni wengi huku Mbulu, na jina hilo ni mojawapo ya yale anayoitwa Bikira Maria katika litania. Msomaji wa Tlawi akiliona juu ya jalada hudhani amepewa kitabu cha sala. Anapokutana na Zakaria, mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, huwa ameshaingia ndani na mlango umefungwa nyuma yake. Sidhani kama wahakiki wameupa uzito wa kutosha mtego huo. Mwandishi alimpa binti jina la usafi ulio juu kuliko wote, kisha akamtupa katika dunia isiyomwachia nafasi hata ya usafi wa kawaida. Asiyeijua litania hukisoma kitabu hiki na kukielewa, lakini hausikii mlio huo wa kwanza.

Muuguzi mmoja wa zahanati alikirudisha akiwa na hasira, nami naiheshimu hasira yake kuliko insha nyingi nilizosahihisha. Alisema Kezilahabi aliuona ugonjwa vizuri sana. Baba anamfungia binti asiwajue wanaume hata kwa salamu, kisha binti anatoka nyumbani, anakuta dunia imejaa wanaume, na hana hata neno moja la kujikingia. Hayo, alisema, anayaona kila mwaka, na wengine huwapokea usiku, wameshaharibiwa na dawa za kienyeji. Alichokikataa ni mwisho. "Mwalimu, kwa nini amuue? Mimi nikimpoteza mgonjwa huulizwa nilifanya nini. Yeye aliulizwa na nani?" Nilimweleza kwamba mwandishi hakutaka kumwadhibu Rosa, alitaka tuwaone waliomfikisha pale. Akajibu kwamba wasichana wanaokisoma hawasomi hivyo, wanasoma kwamba aliyekosea hufa.

Kwa muda kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa kuonekana kinapotosha vijana, na baadaye kikasomeshwa darasani. Mwalimu mstaafu anayeishi upande wa ziwani huusimulia wakati ule kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi, na kwake neno limekwisha: kitabu kiliruhusiwa, haki imetendeka. Lakini muuguzi alinikumbusha kwamba hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi shuleni, sheria ya kweli ya shule zetu ilikuwa ileile ya mwisho wa riwaya: ukianguka, basi. Miaka hamsini kamili ilipita baina ya kitabu na tangazo hilo. Nadhani wote wawili wanasema kweli. Kezilahabi aliuonyesha ukatili wa hukumu ile waziwazi, na akashindwa kumpa Rosa mtu mmoja wa kumshika mkono. Mama yake, Regina, anampenda, lakini ni mwanamke anayemwogopa mumewe. Huo ni udhaifu wa kweli wa riwaya, na kusema kwamba ndivyo hali ilivyokuwa ni kumtetea mwandishi kivivu. Hata miaka ile walikuwako shangazi wenye ulimi.

Dunia Uwanja wa Fujo husomwa haraka na vijana, hasa wale wa bodaboda wanaosubiri abiria. Tumaini anazurura, anatajirika, anamuua kiongozi wa serikali kwa ajili ya shamba, ananyongwa. Wanakisimulia kama filamu, na ni haki yao. Mimi hukiona kirefu mno katikati.

Gamba la Nyoka ni habari nyingine. Hapo ndipo wazee wetu wanapoingia. Mwalimu mstaafu niliyemtaja anashikilia kwamba hiyo ndiyo riwaya kubwa kuliko zote za Kezilahabi, na sababu yake haimo katika kitabu chochote cha uhakiki: alikuwa kijana wakati wa Operesheni Vijiji. Kitabu kinawaleta Mambosasa na Mamboleo, vijana wasomi, katika kisiwa ambacho watu wake wanatakiwa wahame na kukaa pamoja kwa jina la Ujamaa, na wazee hawaelewi kwa nini nyumba zilizo mahali pazuri zihamishwe. Mzee huyu husema kwamba wengi walioandika juu ya Ujamaa waliandika ama kwa kuusifu ama kwa kuutukana, na kwamba Kezilahabi peke yake ndiye aliyecheka. Si kicheko cha dharau, bali kile cha mtu aliyekuwa ndani ya lori pamoja na mizigo. Anakumbuka kwamba vijana waliotumwa kuwaelimisha wananchi walizungumza Kiswahili kizuri sana, na kwamba wazee waliitikia "ndiyo" kila sentensi ilipokwisha kwa sababu hawakuwa wameelewa sentensi hata moja. "Ile 'ndiyo' ikaandikwa kuwa tumekubali," husema.

Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo Kezilahabi alilielewa kuliko wenzake. Kwetu bara, Kiswahili kilifika kama lugha ya undugu wa taifa, na pia kilifika kama lugha ya amri. Kilikuwa cha shule, cha mahakama, cha mkutano wa hadhara, cha mwenye kofia. Anayekitumia kuandika riwaya kijijini hana budi kukivua kofia hiyo kwanza. Ninamheshimu Shaaban Robert kwa moyo wote, na Kezilahabi mwenyewe alimfanyia utafiti chuoni. Lakini sentensi ya Shaaban Robert huvaa kanzu safi, na ukiisoma mbele ya watu waliotoka kupalilia mahindi wanakaa wima kama waliokuja kuhutubiwa. Sentensi ya Kezilahabi ni fupi, kavu, haina kilemba. Inasema mtu aliingia, akakaa, akaomba maji. Nimewahi kuzitafsiri zote mbili kwa mdomo, kwa Kiiraqw, mbele ya wasiosoma. Ya kwanza hunishinda njiani, nabaki kueleza maana tu. Ya pili huvuka na viatu vyake.

Nawajua wanaosema kwamba ukavu huo ni upungufu, kwamba Kiswahili cha Kezilahabi hakina utamu wa pwani, kwamba kina harufu ya Kikerewe. Nimeyasikia katika makongamano na katika mazungumzo ya chai. Wanamweka kando ya Shafi Adam Shafi, ambaye Kiswahili chake hutiririka kama kilivyo Unguja, kisha wanatikisa vichwa. Mimi napenda Kuli na Kasri ya Mwinyi Fuad bila kusita. Lakini mlinganisho huo hauna haki. Mmoja anaandika kwa lugha aliyonyonya, mwingine kwa lugha aliyoichagua, na aliyeichagua hulazimika kuamua kila neno. Ukiona sentensi yake ni fupi, usidhani maneno yalimwishia.

Huku Tlawi jambo hili halibaki katika nadharia. Yupo msichana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, anayeandika mashairi. Alipeleka shairi lake katika shindano moja, na jibu alilopewa ni kwamba mawazo yalikuwa mazuri ila lugha ilionyesha kwamba mwandishi "si Mswahili". Kosa lililotajwa ni la ngeli. Ni kweli lilikuwapo. Kiiraqw hakina ngeli kama za Kibantu. Nomino zake zina jinsia, na mtoto wetu anapoanza shule anajifunza upya namna ya kuupanga ulimwengu wote: mti si wa jamii moja na kiti, na kisu si ndugu wa nyundo. Kosa la ngeli hurekebishwa kwa kalamu nyekundu, dakika tano. Neno "si Mswahili" halirekebishwi. Nilimpa riwaya mbili za Kezilahabi na diwani ya Kichomi, nikidhani nimempa dawa.

Alivirudisha baada ya mwezi. Alisema amevipenda, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Kikerewe, alisema, si ni Kibantu? Basi Kezilahabi alipoingia katika Kiswahili alikuta ngeli zinazofanana na za mama yake, na maneno mengi yenye sura za ndugu. "Yeye alivuka ziwa, Mwalimu. Sisi tunavuka zaidi." Sikuwa na jibu la haraka, na hadi leo sina jibu lote. Wale watetezi wa fasihi ya bara, na mimi nimo, tuna tabia ya kusema "bara" kana kwamba ni kijiji kimoja. Hata jina la diwani ya Kahigi na Mulokozi ya mwaka 1976, Malenga wa Bara, ambalo lilinipa fahari nilipokuwa mwanafunzi, halikuwa na Mkushi ndani yake. Bara ina watu ambao Kiswahili ni binamu wa lugha yao, na ina watu ambao kwao Kiswahili ni mgeni kabisa, aliyekuja na sauti nyingine na mpangilio mwingine wa sentensi. Wairaqw ni wa kundi la pili. Mpaka sasa sijasoma riwaya kubwa ya Kiswahili iliyotoka kwa mtu wa kundi hilo la kwetu. Siwezi kumlaumu Kezilahabi kwa pengo hilo, ila msichana yule hakukosea kuliona.

Kuhusu ugomvi wa mashairi huru nina neno moja, nalo ni la Kiiraqw. Wapinzani wa Kichomi walidai kwamba shairi lisilo na vina ni la kuiga Wazungu. Wazee wetu wana slufay, maombi marefu ya baraka yanayotamkwa kikaoni, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Hakuna anayehesabu mizani, hakuna kina cha kati wala cha mwisho. Kinachoibeba ni marudio, picha zinazopandana, na pumzi ya wale wanaoitikia. Sijui mtu wa kwetu aliyedhani kwamba hayo si mashairi. Mtaalamu Wilfred Whiteley, aliyeandika historia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1969, alikuwa ameandika pia kuhusu Kiiraqw mwaka 1958, kwa hiyo lugha hizi mbili ziliwahi kukaa juu ya meza moja. Ni washairi tu ambao bado hawajaziketisha pamoja.

Nirudi kwenye riwaya, kwa kuwa bado Kichwamaji iko mkononi mwa katekista.

Kitabu hicho nakiazimisha kwa tahadhari. Kazimoto, anayesimulia mwenyewe, ni msomi wa chuo kikuu ambaye kwanza hapati sababu ya kuishi kama baba yake anavyoishi, kisha hapati sababu ya kuishi. Mwanawe anazaliwa na kichwa kikubwa, na mwisho wa Kazimoto ni kujiua. Katekista alikisoma mara mbili, akanijia kwa swali la kichungaji: unampaje kijana kitabu ambacho mtu mwenye akili kuliko wote ndani yake anaamua kufa? Nilitaka kumjibu kwa uhuru wa fasihi na mambo ya namna hiyo. Lakini tumewahi kuzika vijana hapa, na katekista ndiye aliyesimama makaburini. Tulikubaliana kwamba simpi mwanafunzi kitabu hicho bila kumwambia kwamba tutakaa tukizungumze, na sharti hilo nalishika kuliko lile la mlangoni.

Hata hivyo hakukitupa. Sehemu iliyomshika, aliniambia, haikuwa kifo, bali ukimya baina ya Kazimoto na wazazi wake. Watoto wa hapa wakirudi kutoka shule za bweni, mama anawauliza kwa Kiiraqw, wao wanajibu kwa Kiswahili. Mwaka wa pili anawauliza kidogo. Mwaka wa tatu anawapa chakula tu. Katekista anaamini kwamba Kazimoto alianza kufa siku alipoacha kuwa na lugha ya kuzungumzia nyumbani habari za chuoni. Nimezisoma tafsiri za kifalsafa za riwaya hii, zenye majina ya Camus na Sartre, na sina ugomvi nazo. Ya katekista ndiyo iliyonifanya nikisome kitabu upya.

Na Nagona? Kitabu hiki chembamba, pamoja na ndugu yake Mzingile, ndicho ambacho wataalamu hukiandikia makala na wasomaji hukirudisha kesho yake. Mwalimu mstaafu anasema Kezilahabi alipokwenda Marekani alituacha stendi. Sikubaliani naye, lakini ninakiri kwamba shuleni sijawahi kumwona mwanafunzi akikimaliza kwa hiari.

Jioni fulani za baridi nilikisoma kwa bibi mmoja wa ukoo wetu asiyejua kusoma, nikitafsiri sentensi baada ya sentensi. Mtu anatembea katika bonde, anafika mahali pasipo watu, anakutana na sauti. Bibi hakushangaa kitu. Alifuata vizuri, akawa ananisahihisha: hapo angeacha kutembea, hapo angeogopa maji, kwa sababu kwetu majini hukaa neetlangw na mtu mwenye busara hapiti karibu usiku. Hakuuliza hata mara moja "maana yake nini", swali ambalo wanafunzi wangu hulianza ukurasa wa kwanza. Nikafurahi, nikadhani nimepata ushahidi kwamba riwaya hii ni ngano ya Kiafrika iliyovaa jalada la chuo kikuu. Kisha tukafika mahali ambapo wanafalsafa wa Ugiriki na Ulaya wanatajwa. Akauliza ni wa ukoo gani. Nikaeleza. Akasikiliza kwa adabu, akasema moto umepungua, na kesho yake hakuniomba niendelee.

Nimekifikiria kisa hicho mara nyingi. Kezilahabi alitaka kuketisha ngano za kisiwani kwao pamoja na falsafa ya vyuo, aulize swali la ukweli mbele ya wote wawili. Msomi anapotea katika ngano, bibi anapotea katika falsafa, na katikati anabaki msomaji mmoja mmoja mwenye miguu pande zote mbili, kama mwandishi mwenyewe. Ni kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu ambao mwaka ule walikuwa wachache sana. Siku hizi wanaongezeka. Msichana wa mashairi ndiye aliyenacho sasa, mwezi wa tatu huu, na amenitumia ujumbe kwamba asiharakishwe. Amefika kwa wale wanafalsafa na hakukwama, ila analalamika kwamba mwandishi aliwaalika wageni wengi bila kumwita hata mzee mmoja wa kutamka slufay. Anasema ameanza kuandika sehemu hiyo yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, na ana tatizo: wale wanaoitikia, waitikie kwa lugha gani?

Nimemwambia aache neno lao kwa Kiiraqw, bila tanbihi. Yeye bado anasita, kwa kuwa shindano la mwaka huu linafungwa mwezi ujao.